Msikilizaji Asiye na Dole

Kwa kutokuwa na wivu, Bi Sikudhani alijiweka wa kwanza wilaya nzima ya Kisarawe, na alikuwa tayari kuapa. Halafu akasikia kwamba kule Mzenga kuna mwanamke anayesifiwa kwa jambo hilohilo, akakosa hamu ya kula siku mbili.

Basi tuseme alikuwa na wivu kidogo. Kidogo cha kujaza pipa.

Alikuwa mtunza maktaba wa Shule ya Msingi Mikorosho Mitatu, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kila asubuhi jambo la kwanza lilikuwa kufagia, la pili kukung'uta vumbi, na la tatu, ambalo kwa kweli alilifanya kabla ya hayo mawili, lilikuwa kuchungulia ubao wa Jamvi uliokuwa juu ya meza yake.

Jamvi la Bi Sikudhani: watu mia mbili na kumi na wawili.

Jamvi la Mwalimu Kalunde: elfu sitini na moja, mia tatu na wanne.

"Jana walikuwa mia tatu na wawili," alinong'ona. "Hao wawili wameamka saa ngapi?"

Mwaka huo ulikuwa wa tisa tangu vitabu vianze kusema. Kila kitabu cha maktaba kilibandikwa kiraka juu ya jalada, upana wa sarafu, rangi ya ulezi. Ukisoma kwa sauti, kiraka kinaimeza sauti yako. Na mtoto wa Newala au wa Bukoba akishika nakala ya kitabu hichohicho, akaweka dole gumba pale penye kiraka, anakusikia ukimsomea. Akipendezwa anaketi jamvini kwako. Anaweza kukuachia swali kwenye ukurasa, au salamu, au kicheko chake, na mtoto mwingine wa mbali akamjibu. Kughushi hesabu hakukuwezekana, maana kiraka kilijua dole ni la nani na moyo wa mwenye dole unakwendaje. Mtoto akisinzia, alitolewa kwenye hesabu bila kuamshwa. Rangi ya kiraka ilikuwa inaachia kidogo, kwa hiyo msomaji hodari ulimjua kwa dole lenye doa, na walikuwapo watoto waliojipaka udongo ili wasichekwe.

Kati ya wale mia mbili na kumi na wawili wa Bi Sikudhani, kumi na wanane walikuwa ndugu zake, na mmoja alikuwa marehemu ambaye hakuna aliyejua namna ya kumwondoa.

Ndala zikasikika nje, pwaa, pwaa. Mwalimu Kalunde wa darasa la nne aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, maana alikuwa mrefu na mlango ulijengwa kwa ajili ya Wazaramo.

"Shikamoo, Bi Siku."

"Marahaba. Umelala salama, mtani? Nilidhani wale fisi wa kwenu Sikonge wamekufuata mpaka huku."

"Walinifuata. Wakakuona wewe wakarudi. Wamesema hapa mifupa mitupu."

"Mnyamwezi mshenzi! Babu yako alifika pwani na jino la tembo kichwani, akabadilishana kwa shanga."

"Na wa kwako alikuwa amelala chini ya mnazi, anasubiri nazi imhurumie."

Wakacheka wote wawili. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi haukuanza jana, na mwenye kukasirika ndiye aliyeshindwa. Hata msiba wa dada yake Bi Sikudhani, mwaka juzi, ni Kalunde aliyekuja akajilaza mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka aletewe kuku, na watu waliokuwa wamekauka kwa kulia wakajikuta wanashika mbavu. Siku ile Bi Sikudhani alimpenda. Lakini siku ile Kalunde alikuwa na watu arobaini tu jamvini.

"Halafu, mtani," Kalunde alisema, akipita nyuma ya meza bila kuomba ruhusa, "hiki kigoda nimekiteka."

Akakinyanyua. Kigoda cha mkongo, cha miguu mitatu, ambacho Bi Sikudhani alikikalia kila Ijumaa akiwasomea watoto, tangu watoto hao walipokuwa hawajazaliwa na wazazi wao ndio waliokaa sakafuni. Wiki iliyopita Mwalimu Mkuu alikuwa ameipeleka saa ya Ijumaa kwa Kalunde. "Watoto wenyewe wameomba, Bi Siku," alisema, kama mtu anayekuambia mvua imenyesha.

Mtani akiteka kitu chako, hununi. Unacheka, halafu unakikomboa kwa kuku.

Bi Sikudhani alicheka. Kicheko kilimtoka kama mfupa wa samaki. Kuku hakuleta.

*

Saa saba mchana, walimu walipokwenda kula na watoto walipokuwa kwenye foleni ya makande, Bi Sikudhani alifunga mlango wa maktaba, akaenda nyuma ya rafu ya hesabu ambako hata wadudu hawakufika, akatoa kitabu cha fisi aliyeajiriwa ulinzi wa zizi. Kilisomwa na Mwalimu Kalunde. Vingine alivyovisikiliza vilisomwa na Mwalimu Kalunde pia. Aliendelea kuvisikiliza kwa sababu moja tu: adui lazima umjue.

Alikilaza kitabu mezani, akapandisha mkono wa gauni, akaegemeza kiwiko juu ya kiraka.

Jambo hilo alilivumbua mwenyewe, na hakuna profesa aliyelijua. Dole lina alama, kiwiko hakina. Kiraka kilisikia ngozi, kikasikia moyo, kikaanza kusoma. Lakini hakikujua ni cha nani, na jamvi la Kalunde halikuongezeka hata mtu mmoja. Kumsikiliza, alimsikiliza. Kumhesabisha, ng'o.

"Hamjambo, wanangu," sauti ya Kalunde ilimjia sikioni, pana, tulivu, kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi. "Kabla sijaanza, namsalimia paka wangu. Msiomjua, Bawabu wa Jamvi ameniambia kuna kiumbe mmoja ananisikiliza kila siku saa saba mchana, ana moyo ila hana dole. Fundi wa wilaya anasema hapana shaka ni paka, kuna mahali amezoea kulala juu ya kitabu. Basi paka wangu, hujambo?"

"Sijambo," alisema Bi Sikudhani.

Akajiziba mdomo, akatazama kulia na kushoto.

Halafu fisi akaomba kazi. Kalunde alimsomea fisi kwa sauti ya mtu mwenye njaa anayejifanya ameshiba, na mbuzi kwa sauti ya wajumbe wa kamati ya shule. Ukurasa wa kumi na moja, kabla tu ya neno zizi, alisema "yalaa!" kwa maumivu, akaendelea kama hakuna kitu. Jamvi halikuruhusu kukata wala kuunga. Ulichosoma ndicho hicho. Bi Sikudhani aliijua ile yalaa. Siku iliposomwa yeye alikuwa nje anafagia, akamwona kupitia dirishani. Kalunde hasomi amekaa. Anatembea kati ya rafu kama babu zake walivyotembea na mizigo, hatua nane, anageuka, anavuta pumzi. Hatua nane, anageuka, anavuta pumzi. Siku ile aliligonga goti kwenye kona ya meza. Jamvi lilichuja kishindo cha ndala na cha meza, likaacha sauti tupu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alipofika pale fisi anapolia kwa kuwa mbuzi wamemwamini, na yeye akalia, akajifuta kwa ncha ya kanga, na wivu ukamrudia mkubwa kuliko ulivyoondoka. Kama sauti ile ingekuwa mbaya angemsamehe siku nyingi.

Akaenda kuosha kiwiko kwa sabuni ya mche. Doa la ulezi halikutoka. Halikutoka tangu mwezi wa tatu.

*

Ijumaa watoto mia moja walijaa maktaba. Bi Sikudhani aliachiwa kazi ya kuwapanga. Kigoda chake kilikuwa kando ya mlango na mtoto wa darasa la kwanza amekikalia, anachokonoa pua. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Walipotoka, aliivuta mashine ya mezani, akaandika kwenye jamvi la Kalunde, chini ya muhuri wa utani.

Muhuri huo ulikuwa na asili yake. Bawabu, yule mlinzi wa Jamvi asiye mtu, alifundishwa kuyafuta matusi yote, na mwaka wa kwanza aliyakunja majamvi ya nusu ya Wazaramo na karibu Wanyamwezi wote, kwa maneno waliyopeana wakiwa wanazikana. Wizara ikaona aibu. Ukaundwa muhuri: watani wawili wakikubaliana mbele ya Bawabu, wanaweza kuambiana lolote, naye anaziba masikio.

Bi Sikudhani aliandika: "Mnyamwezi huyu hasomi, amemeza redio. Hiyo sauti ni ya kupikwa. Mtu gani anavuta pumzi kwa zamu kama saa ya ukutani?"

Akabonyeza. Kabla hajamaliza kufunga madirisha, walikuwa wamecheka watu elfu nne. Kalunde mwenyewe alicheka wa kwanza, akajibu: "Redio nilimeza, ya kwako, ndiyo maana inakoroma." Bi Sikudhani alikwenda nyumbani anatembea katikati ya njia kama bibi harusi.

Lakini muhuri ni wa watani. Mwalimu wa shule moja ya mbali aliyachukua maneno yale akayapeleka kwenye jamvi lake bila muhuri, akiuliza tu. Mzazi mmoja akayachukua kwake, hakuuliza. Kufikia Jumatano walikuwa mia tatu waliomwandikia Bawabu kwamba sauti ya Mwalimu Kalunde ni ya kupikwa.

Na hilo halikuwa jambo la mchezo. Miaka ya mwanzo, kabla ya sheria, vitabu vilijaa sauti zilizotengenezwa na mitambo, sauti zisizochoka wala zisizokohoa, na watoto wakazizoea hata mama zao wakaonekana wana kelele. Ndipo ikaamuliwa: asome mtu, kwa pumzi yake. Atakayepatikana na sauti ya kupikwa, jamvi lake litakunjwa, kila alichosoma kifutwe katika kila kitabu nchini, naye asiruhusiwe tena kusomea watoto, shuleni wala maktaba.

Bawabu alifungua shauri. Alhamisi, saa tisa alasiri, Mikorosho Mitatu, maktaba.

*

Walikuwa watatu, na Bawabu wa nne. Mwalimu Mkuu Dibwe alikaa akipangusa miwani isiyo na vumbi. Kalunde alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya meza, mikono mapajani, na urefu wake wote ulikuwa umekunjamana. Macho yalikuwa mekundu. Bi Sikudhani alisimama nyuma, amejifunika kanga mpaka kwenye viganja ingawa joto lilikuwa la kuivisha mayai.

"Bi Sikudhani binti Pazi," Bawabu alisema kutoka mezani, sauti yake bapa kwa makusudi, ili asidhaniwe mtu. "Maneno ya kwanza ni yako, na yalikuwa na muhuri. Ni utani au ni ushahidi? Ukisema utani, utatamka mbele ya wote walioketi jamvini kwa Mwalimu Kalunde kwamba ulibuni, na kwamba sauti ni yake. Shauri litaisha hapo. Ukisema ushahidi, utaleta ulichosikia."

Kalunde aligeuka akamtazama. Akajaribu kutabasamu. "Waambie, mtani. Halafu nikutukane vizuri."

Neno lilikuwa moja tu, utani, na lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nyuma yake lilifuata lile jingine: sauti ni yake. Aseme mbele ya watu elfu sitini na moja! Tena huenda walikwisha kuwa elfu sitini na mbili. Halafu Ijumaa arudi kuwapanga watoto wakae, wamsikilize mwingine.

"Mimi sijui," alisema Bi Sikudhani. "Nilisema yanayosemwa. Siwezi kusema ni yake, siwezi kusema si yake. Huyu Kalunde sijawahi kumsikiliza hata dakika moja."

"Hata dakika moja?" aliuliza Mwalimu Dibwe.

"Kazi zangu nyingi."

Kalunde aliinamisha kichwa.

"Basi nitapima," alisema Bawabu. "Mwalimu, kaa hapo ulipo, soma kitabu cha fisi. Nitalinganisha pumzi na zile zilizohifadhiwa."

Kalunde akafungua kitabu. Alisoma. Masikini, alisoma kama mtu anayesomewa hukumu yake mwenyewe. Pumzi ilimkatikia katikati ya maneno, fisi akawa hana njaa, mbuzi wakawa mbuzi tu. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza chini ya kiti, unatafuta njia.

"Pumzi zinalingana tatu kwa kumi," alisema Bawabu. "Zilizohifadhiwa zina vipimo sawasawa, kama za mtambo. Hizi hazina kipimo. Mwalimu, una maelezo?"

"Sina," Kalunde alisema. "Naogopa tu. Sijui ninavyovuta pumzi. Nani anajua anavyovuta pumzi?"

"Nitahesabu mpaka sitini, halafu nitakunja jamvi."

Bi Sikudhani alisikia hesabu ikianza. Alikiona kigoda chake pale mlangoni. Ijumaa hii kingekuwa wazi. Angekaa. Watoto wangemsikiliza kwa kuwa hawana mwingine, na saa saba mchana angekwenda nyuma ya rafu ya hesabu, akaweka kiwiko, na kitabu kingenyamaza kimya.

Ishirini na tisa. Thelathini.

Alijaribu kufurahi. Alijaribu kwa nguvu, kama mtu anayesukuma ng'ombe aliyelala.

Arobaini na nne.

"Mwinueni!" alipiga kelele. "Jamani, mtu huyu hasomi amekaa! Mmemkalisha kama mgonjwa! Anatembea! Hatua nane, anageuka, anavuta pumzi, hatua nane, anageuka, anavuta!" Na kwa kuwa maneno hayakutosha, akatoka mwenyewe katikati ya rafu akawa anapiga hatua, mikono inarushwa huku na huku. "Hivi! Ndipo pumzi zinapolingana! Na Bawabu wewe mjinga, ukurasa wa kumi na moja, kabla ya zizi, amesema yalaa! Aligonga goti kwenye kona hii hapa! Mtambo gani una goti?"

Hesabu ilisimama kwenye hamsini na mbili.

"Yalaa ipo," alisema Bawabu. "Niliiandika kuwa neno lisilojulikana. Mwalimu, simama. Tembea. Soma."

Kalunde akasimama. Hatua nane, akageuka. Kufikia mzunguko wa pili fisi alikuwa na njaa, na Mwalimu Dibwe, ambaye hakuwahi kusoma kitabu tangu apate cheo, alikuwa ameegemea mbele mdomo wazi.

"Kumi kwa kumi," alisema Bawabu. "Sauti ni ya mtu. Shauri limefungwa."

Kalunde alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu Dibwe akavaa miwani yake.

"Bi Siku," alisema taratibu. "Ukurasa wa kumi na moja?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Si umesema hujamsikiliza hata dakika moja?"

"Nimesimuliwa."

"Na nani?"

"Na watoto. Watoto wa siku hizi wana maneno mengi."

"Mahali pa msikilizaji huwa ni siri, ila shauri likifunguliwa hutajwa," alisema Bawabu, ambaye hakuulizwa. "Nakala ya shule hii haijawahi kuguswa na dole la mtoto yeyote. Imesikilizwa mara ishirini na tatu, saa saba mchana, na kiumbe kisicho na dole."

"Basi umesikia," Bi Sikudhani alisema haraka. "Paka. Mimi nilipita tu wakati paka anasikiliza."

"Shule hii haina paka," alisema Mwalimu Dibwe. "Wa mwisho alihamia kwa muuza samaki."

"Anakuja kwa mguu."

Kalunde alikuwa amenyanyuka. Alikuja polepole, pwaa, pwaa, akasimama mbele ya Bi Sikudhani. Kanga ilikuwa imeanguka sakafuni tangu zile hatua nane, na mwenyewe hakuwa na habari. Kalunde akaushika mkono wake kwa adabu, kama anayeshika mkono wa mama mkwe, akaugeuza juu.

Kiwiko kizima kilikuwa rangi ya ulezi.

Kalunde akapiga goti moja, kama kwao wanavyofanya kwa mkubwa.

"Shikamoo, paka wangu," alisema.